Tabaruku kwa Dada Aliyetupikia

Watoto wa kaka yangu wanachapisha kitabu cha mapishi ya nyumbani kwetu. Wamekwisha kukusanya kila kitu: ugali wa ulezi, maharage ya karanga, samaki wakavu wa migebuka, majani ya maboga, togwa, na uyoga wa masika. Umebaki ukurasa mmoja tu, ule wa mwanzoni kabisa, ambao watu wa vitabu huuita tabaruku. Huo wameniachia mimi, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka mingi. Binti mkubwa wa kaka alinipigia simu akasema, "Shangazi, hiki kitabu tunamtolea shangazi mkubwa. Andika maneno matamu, mtu akisoma alie."

Nikamjibu nitaandika. Sikumwambia kwamba hiki si kitabu cha kwanza. Maneno matamu ya kumsifu shangazi yake mkubwa, yaani dada yangu, niliwahi kuyaandika zamani, na watu walilia kweli. Mpaka leo sijaona maneno yaliyomdhuru mtu kama yale.

Wakati huo tulikuwa tunakaa upande wa Pito, nje ya Sumbawanga, katika kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mtelemkoni, karibu na matuta ya baba. Ilipokuja Operesheni tukaambiwa tuhame, tukahama, tukabeba hata miti ya paa. Baba alikuwa katekista, na kwake kila amri iliyosomwa mbele ya watu ilikuwa na harufu ya Injili. Tukajenga kwenye mstari pamoja na wengine, mlango ukitazama mgongo wa nyumba ya jirani.

Mama hakuihama nyumba ile ya zamani. Alikuwa amekwisha kufariki, siku alipojifungua kitinda mimba wetu. Matanga yalipoanuliwa, akina mama wa ukoo walikaa wakagawana nguo zake, na shangazi yetu mmoja akauchukua mwiko wake akampa dada mkononi, watu wote wakiona. Kwa ukoo wetu ndivyo ilivyofanywa: mwiko wa marehemu haulali bila mkono. Dada alikuwa darasa la tatu. Kesho yake hakwenda shule. Hakuna aliyemkataza kwenda, na hakuna aliyemwuliza kwa nini hakwenda.

Mimi nilikwenda. Niliweza kwenda kwa sababu nikirudi nilikuta uji. Kaka yangu alikwenda kwa sababu hiyohiyo, na kitinda mimba akakua mgongoni mwa mtoto aliyekuwa anamzidi kidogo tu mbuzi jike. Nilipofaulu kwenda sekondari ya wasichana, baba aliwaambia watu kanisani kwamba Mungu ameijalia nyumba yake akili. Akili zilikuwepo, sikatai. Ila aliyeamka kuwasha moto ili akili hizo zisife njaa alikuwa nyuma ya kanisa amemshika kitinda mimba mkono, na Mungu ndiye aliyeshukuriwa.

Huko shuleni nilisoma sayansi kimu. Mwalimu wetu alipenda daftari safi kuliko alivyopenda watu. Kabla ya likizo ya Juni alituambia kila msichana aandike kitabu cha mapishi ya kwao, akishone kwa uzi, na ukurasa wa mbele aweke tabaruku. Akatufafanulia kwamba tabaruku ni zawadi: unamtaja mtu aliyekujaza moyo, unamwambia mbele ya watu wote kuwa kazi hii ni yake. Mimi nilijua palepale ni nani. Njia nzima, kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, nikiwa nimekalia gunia juu ya lori na vumbi limenijaa puani, nilikuwa natunga sentensi za kumpa dada.

Nilimkuta amebadilika. Si sura, sura ilikuwa ileile, kitambaa kilekile kichwani. Alikuwa amejifunza kusoma. Kijiji kilikuwa na kisomo cha watu wazima, kila mtu akikiita ngumbaru, na dada alikuwa akienda jioni baada ya kuwapakulia watu chakula. Alikuwa amefika hatua ya nne. Majirani walikuwa wanamletea gazeti la vijijini awasomee, naye alisoma polepole kwa sauti kubwa, bila kuruka hata bei ya pareto. Kaka yangu alikuwa anamtania kwa kumwita mwalimu mkuu. Alikasirika kwa mdomo, macho yakicheka.

Basi likizo ile nilikaa naye jikoni na daftari langu. Yeye anapika, mimi naandika, kisha ananinyang'anya daftari asome nilichoandika. Siku moja alisimamisha kidole juu ya mstari akanitazama.

"Hapa umetia chumvi kabla maharage hayajaiva."

"Si ni chumvi tu, dada?"

"Atakayekufuata atakula kokoto. Futa."

Tulicheka mpaka moshi ukatupalia. Nasema haya ili ijulikane kwamba tulipendana. Watu wakisikia mwisho wa habari hii hudhani palikuwa na wivu au chuki mahali. Haikuwepo.

Siku tulipokuwa tunapepeta ulezi uani, upepo ukiwa mkali na baridi imetukausha midomo, aliniambia habari yake. Bibi maendeleo, mama mmoja mtumishi aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, alikuwa anatafuta mwanamke mmoja wa kijiji apelekwe chuo cha maendeleo ya wananchi. Angesoma ushonaji na malezi ya watoto, kisha angerudi kusimamia chekechea na vyerehani vya kijiji. Alitaka mtu anayejua kusoma na kuandika. Kamati ya kijiji ilikuwa imemtaja dada. Kilichobaki ni ruhusa ya baba, na Jumapili baada ya misa bibi maendeleo na mwenyekiti wa kijiji wangekuja nyumbani kuzungumza naye.

"Baba anajua?" nikamwuliza.

"Anajua. Nilimwambia mwenyewe. Nilimpigia magoti nikamwambia nataka kwenda."

"Akasemaje?"

"Akasema tutamsikiliza Mungu."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yanamrukia usoni wala hayafuti. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kumsikia mtu akikitamani.

"Wanasema kule chuoni inapigwa kengele. Mnaacha kazi, mnanawa, mnakwenda kula. Hebu fikiri, mdogo wangu. Kukaa mezani nikaletewa chakula ambacho sijui hata kimepikwa saa ngapi."

Baadaye alinionyesha gauni alilokuwa ameazima kwa jirani kwa ajili ya safari. Alikuwa amelifua na kulikunja chini ya godoro ili linyooke.

Jumamosi nikaiandika tabaruku. Nilikaa nyuma ya nyumba palipo na jua, nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani. Naikumbuka yote. "Kwa dada yangu mpendwa. Mama alipotutoka ulishika mwiko wake, na tangu siku hiyo hatujalala njaa. Wewe ndiwe jiko letu na moto wake. Nyumba hii bila wewe ni majivu. Mungu akuweke hapo ulipo, uendelee kutulisha." Nililia nilipokuwa naandika. Nilitaka kumsomea Jumapili, wageni wakiondoka, tukiwa tunasherehekea safari yake.

Baba aliniona nikifuta macho akaniuliza naandika nini. Alipenda maandiko yaliyosomwa vizuri, na mimi nilipenda kumsomea. Alikuwa akifumba macho na kutikisa kichwa kama yuko kwenye mahubiri. Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Niliporudia alinishika kichwani akasema, "Mwanangu, Roho ndiye aliyekuandikisha haya." Nilivimba kichwa jioni nzima.

Jumapili dada hakwenda misa. Alianza kupika alfajiri. Kwetu mgeni hafungui neno lililomleta kabla hajanawa mikono na kula. Hata akija kudai mbuzi wake, atakula kwanza. Na kila mwanamke wa Ufipa anajua kwamba mgeni aliyeshiba vizuri husema vizuri. Dada aliweka tumaini lake lote hapo. Kaka alimchinjia jogoo. Akatoa migebuka mikavu ambayo baba alikuwa ameletewa na muumini mmoja wa Wampembe, akaiunga kwa karanga alizozitwanga mwenyewe. Aliusonga ugali wa ulezi mpaka ukawa laini, unang'aa. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko.

"Leo niache. Leo nawapikia mpaka wakubali."

Wageni wakaja, wakanawa, wakala. Baba aliomba kwa ufupi, jambo lililokuwa nadra. Mwenyekiti alikuwa mtu wa utani, na alipofika kwenye migebuka alifumba macho.

"Bibi," alimwambia bibi maendeleo, "huko chuoni kwenu wanakula hivi?"

"Wanakula maharage, ndugu mwenyekiti, na wanashukuru."

"Ala! Basi tukimpeleka mpishi huyu, mzee wetu atakufa kwa njaa, na mimi nitakosa pa kuja kufanyia mkutano."

Wakacheka wote. Bibi maendeleo naye alicheka, kwani naye alikuwa anakula, na aliongezewa akakubali. Dada alikuwa ndani akiwasikia wakicheka. Alinitazama, macho yanamng'aa. Alidhani chakula kilikuwa kinamtetea.

Walipomaliza kunawa, baba akakohoa kidogo, akaketi wima.

"Ndugu mwenyekiti, bibi maendeleo, karibuni sana. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeletewa habari hii ya chuo, na mimi sipingi maendeleo. Hapa kuna anayepinga maendeleo?"

Hakuna aliyepinga maendeleo.

"Vema. Ila kabla wakubwa hatujasema, tumsikie mtoto. Huyu wangu wa sekondari ameandika kitabu, na mbele amemwandikia dada yake. Njoo mwanangu, soma ule ukurasa."

Nilifurahi. Nilidhani baba anataka wajue jinsi dada anavyopendwa, kwamba anayekwenda chuoni ni mtu wa thamani. Nikasimama karibu na mlango nikasoma kwa sauti ya shule, nikipumua mahali pa kupumua. Nilipofika kwenye majivu, bibi maendeleo alikuwa amevuta upindo wa kitenge anafuta macho. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamalizia pale pa Mungu kumweka hapo alipo, nikafunga daftari.

Baba akaacha kimya kikae kidogo. Alijua kukitumia kimya. Ni kazi yake.

"Mmesikia," akasema. "Si mimi niliyesema. Ni msichana msomi, anayependa maendeleo kuliko sisi wote. Amesema mwenyewe: nyumba hii bila huyu ni majivu. Mnataka niwaache watoto wa marehemu kwenye majivu?"

"Mzee, si moja kwa moja," bibi maendeleo akaanza. "Atasoma, atarudi hapahapa kijijini. Na binti mwenyewe amesema anataka."

"Wewe mwenyewe umelia, bibi."

Mama wa watu akautazama mkono wake. Alikuwa bado ameshika ule upindo wa kitenge. Mwenyekiti akaikata kesi kwa methali, akasema mcheza kwao hutunzwa, na kwamba kijiji kina mabinti wengi. Baba akashukuru, akamwita dada alete maji ya kunywa.

Dada alikuwa amekwisha kufika mlangoni na maji hayo. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliwapa wageni maji kwa mikono miwili, amepiga magoti kama ilivyo adabu, akasubiri wanywe, akapokea vikombe. Bibi maendeleo alimshukuru kwa chakula. Dada akaitikia vizuri kabisa.

Nilimfuata jikoni. Aliketi kwenye kigoda akaniambia, "Nipe." Nikampa daftari. Akasoma ukurasa ule neno kwa neno, midomo ikimchezacheza. Ule ujuzi wake wa ngumbaru, alioupata kwa kukaa na usingizi machoni, aliutumia kusoma kitu hicho.

"Umeandika vizuri," akasema. "Angeandika baba, bibi maendeleo asingelia."

Nikaanza kumwambia kwamba sikukusudia. Akaniambia anajua. Kisha akasimama akakusanya masufuria, kwa sababu watoto walikuwa hawajala, walikuwa wanangoja wageni waondoke.

Nafasi ile alipewa mpwa wa mwenyekiti, ambaye hata jina lake alikuwa analiandika kwa kunakili. Dada alirudisha gauni kwa jirani likiwa limepigwa pasi. Hakununa, hakugoma, hakuunguza hata chungu. Siku chache tu aliacha kwenda ngumbaru, na siku hizo chache zikawa ndizo zote. Majirani walipoleta gazeti aliwaambia macho yanamuuma.

Na mimi? Nilipewa alama za juu kuliko wote. Mwalimu wa sayansi kimu aliisoma tabaruku yangu mbele ya darasa, na wasichana wakalia, maana kila mmoja alikuwa na dada, au mama, au bibi wa aina hiyo. Akaniambia nina kipaji.

Watu niliowahi kuwasimulia hungojea niseme kwamba najuta. Sisemi. Nilikuwa msichana mdogo, niliandika ninachokihisi, na nilichokihisi kilikuwa kweli. Aliyejua ni baba. Alipigiwa magoti na mwanawe, akaambiwa kwa mdomo anachokitaka, kisha akatafuta njia ya kumnyima bila yeye mwenyewe kuonekana mnyimaji. Akaipata mkononi mwangu. Sijamsamehe, na alipozikwa nilisikia padre akimwita baba wa mfano nikatoka nje kupunga upepo. Alikufa mzee, amenawiri, hajakosa mlo hata mmoja.

Dada aliolewa karibu, akarudi baada ya mumewe kufariki, akaendelea. Amewapikia wake za kaka zetu wakijifungua, amepikia harusi, amepikia misiba. Kila sherehe husimama mtu akamshika mkono na kumwita nguzo ya ukoo, jiko la ukoo, mama wa wote. Watu hupiga vigelegele, kisha yeye hurudi kwenye moto kwa sababu wali unataka kugeuzwa. Nimeona kwamba sifa za namna hii hazimfikii mtu mpaka awe amekwisha kufungwa mahali, na kazi yake ni kukaza kamba. Asante ya punda ni mateke, wanasema. Kwa dada yangu walitafuta mateke yenye mashairi.

Ndiyo maana binti wa kaka aliponitaka maneno matamu niliyaona yamejaa tele. Yalikuja yenyewe: mikono yako, moto wako, upendo ulio ndani ya kila sufuria. Nikayaandika, nikayafuta. Mwisho nikamtumia sentensi moja tu: "Kwa dada yangu. Yeye alitaka kwenda kusoma. Sisi tukataka kula."

Alinipigia haraka.

"Shangazi, hii inauma. Tutakigawa kitabu kwenye harusi ya mdogo wangu. Hakuna namna ya kuiweka vizuri?"

"Kuna namna nyingi," nikamwambia. "Nazijua zote."

"Lakini shangazi mkubwa mwenyewe atajisikiaje?"

Hapo alikuwa na haki. Nikapanda basi mpaka Sumbawanga, nikachukua bodaboda mpaka kwa dada. Nilimkuta barazani anachagua maharage, amejifunika shuka kwa baridi. Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikampa karatasi. Sikumsomea, nilikuwa nimeapa kutomsomea tena mtu yeyote maneno niliyomwandikia yeye.

Akavaa miwani. Sentensi ile ni fupi, lakini aliikalia muda mrefu, nami nikawa natazama kuku uani kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Nilikuwa nimejiandaa aniambie ni nzuri, au aniambie niichane. Aliikunja karatasi mara mbili, akaniwekea mapajani.

"Hii," akasema, "ndiyo ungewasomea Jumapili ile."